Kitabu cha mafunzo cha franchaizi: kipi ni hakimiliki, kipi ni siri, na ufanye nini kikitoroka

Tuseme una chapa ya kuku wa kukaanga jijini Nairobi na umempa mtu wa Eldoret haki ya kufungua tawi kwa jina lako, mpango unaoitwa franchaizi. Umemkabidhi kitabu cha mafunzo cha kurasa 140, umewafundisha wapishi wake wiki mbili, naye anakulipa ada kila mwezi. Mwaka wa tatu mnakosana. Bango lako linashushwa, na siku chache baadaye duka lile lile linafunguliwa kwa jina jingine. Wapishi ni wale wale, kipimo cha viungo ni kile kile, hata fomu ya kufunga hesabu za jioni haijabadilika. Neno la kwanza utakalotaka kumwambia wakili ni "ameniibia kitabu".

Usianzie hapo. Kitabu hicho kimebeba haki mbili tofauti, hakimiliki na usiri, na kila moja hukamata kosa ambalo nyingine huliacha lipite. Anayezichanganya humaliza mwaka mzima akibishana juu ya jambo ambalo sheria haikumpa.

Maelezo yanayofuata yanashika sheria za Kenya. Kenya haina sheria maalumu ya franchaizi, kwa hiyo kila kitu kinategemea mkataba wenu, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 (Sura ya 130), na kanuni za usiri zilizotokana na hukumu za majaji. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 na taasisi yake COSOTA. Zanzibar ina sheria yake na COSOZA. Misingi inafanana, vifungu havifanani, kwa hiyo usihamishe mkataba wa Nairobi kwenda Dar es Salaam kwa kubadilisha jina la mji tu. Aliyemiliki jina tutamwita mwenye chapa. Aliyepewa tawi tutamwita mwendeshaji.

Haki mbili katika ukurasa mmoja

Chukua ukurasa unaosema: kwa kila kilo ya kuku weka chumvi gramu 18, acha kwenye friji saa 12, kaanga kwa nyuzi 170 dakika 14.

Mwendeshaji akiutoa fotokopi ukurasa huo na kuwagawia wapishi wa duka lake jipya, amevunja hakimiliki. Akiupiga picha na kuutuma WhatsApp, vilevile. Akiutafsiri kwa Kiswahili bila ruhusa yako, vilevile, kwa sababu kutafsiri ni haki ya mwenye kazi sawa na kunakili. Lakini akikaanga kuku kwa gramu 18 na nyuzi 170 bila kugusa karatasi yako, hakimiliki haimfikii. Inalinda maneno, picha, michoro na namna ulivyovipanga. Utaratibu wenyewe, yaani kazi inayoelezwa, iko nje.

Jambo hili si geni. Mwaka 1879 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Baker dhidi ya Selden. Selden alikuwa ameandika kitabu kinachoeleza mfumo wa kutunza hesabu, na Baker akauza daftari zilizotumia mfumo unaofanana. Mahakama ilisema hakimiliki ya kitabu haimpi mwandishi ukiritimba wa mfumo uliofafanuliwa ndani yake. Mkataba wa TRIPS, ule wa kimataifa kuhusu haki za ubunifu katika biashara, unaoifunga Kenya kama mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), unarudia hilo katika ibara ya 9(2): ulinzi unafuata namna jambo lilivyoelezwa, si wazo, taratibu, wala mbinu ya uendeshaji. Na kitabu cha mafunzo kimejaa taratibu na mbinu za uendeshaji kutoka jalada hadi jalada.

Kinachoweza kuzilinda gramu 18 ni usiri. Mahakama za Kenya huangalia mambo matatu yaliyowekwa na Jaji Megarry katika kesi ya Coco dhidi ya A.N. Clark, iliyohusu injini ya pikipiki ndogo na kuchapishwa kwenye ripoti za sheria za 1969. Kwanza, habari yenyewe iwe na sifa ya siri. Pili, iwe imetolewa katika mazingira yanayomfanya mpokeaji ajue kwamba ni amana. Tatu, itumike bila idhini na kumdhuru mwenyewe. Ukikosa moja, dai linaanguka. Wengi huangukia la kwanza: wameita siri kitu ambacho kila jiko la mtaani linakijua.

Panga kurasa kabla ya kuzigawa

Hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote na ndiyo inayorukwa. Kaa na kitabu na rangi tatu za kalamu.

Kijani ni yale yanayojulikana: kunawa mikono, kusalimia wateja, kuvaa aproni, masharti ya afisa wa afya ya kaunti. Hakimiliki ya maneno na picha zake inabaki yako, lakini usidai usiri. Njano ni mambo ya ndani ambayo mtu wa biashara angeyapata kwa jitihada: orodha ya ukaguzi wa asubuhi, mpangilio wa zamu, fomu za hesabu. Nyekundu ni yale ambayo mshindani angeyalipia: vipimo vya mchanganyiko, bei mlizokubaliana na wasambazaji, fomula ya kuchagua mahali pa duka, hesabu ya faida kwa kila sahani.

Kabla ya kupaka nyekundu jiulize: je, mtu wa nje akinunua kuku wangu na kuuliza wauza viungo wawili atalijua hili kwa siku moja? Akiweza, halifai kuwa nyekundu. Kununua bidhaa sokoni na kuichunguza hadi ujue ilivyotengenezwa si kosa la usiri. Kama ladha yako inaweza kupimwa maabara, siri yako ina umri, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya kulipa wakili.

Ukishamaliza, kata kitabu vipande. Kurasa za kijani na njano zikae kwenye kitabu kikuu; nyekundu ziwe kijitabu cha pembeni, kwa kawaida kurasa 8 hadi 15, kinachopewa watu wachache. Mwenye chapa anayepiga muhuri wa SIRI kwenye kila ukurasa, hadi ule wa kupiga deki, anaudhoofisha muhuri wake mwenyewe. Wakili wa upande wa pili atausoma ukurasa wa deki kwa sauti mbele ya jaji, na baada ya hapo kurasa za vipimo zitatazamwa kwa jicho lile lile.

Njia nyingine bora zaidi, kwa biashara ya chakula, ni kutoiandika siri kabisa. Changanya viungo makao makuu, vifunge kwenye mifuko ya kilo moja, na kitabu kiseme tu: mfuko mmoja kwa kilo 25 za kuku. Hakuna rufaa itakayokulinda kama mfuko huo.

Hakikisha kitabu ni chako

Mgogoro ukizuka, swali la kwanza la upande wa pili huwa: nani aliandika? Chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, haki huanza kwa mwandishi, lakini kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, au iliyoagizwa na mtu mwingine, huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri au mwagizaji, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Hilo linakusaidia, lakini usilitegemee peke yake, hasa ukiwa na mpango wa kuvuka mipaka, maana si kila nchi inampa mwagizaji haki hiyo. Mshauri aliyeandika kitabu, mchoraji, mpiga picha, mfasiri: kila mmoja asaini hati ya kuhamisha hakimiliki. Uhamisho usio wa maandishi yaliyotiwa saini haushiki, na vivyo hivyo leseni ya kipekee. Haki ya mwandishi kutambuliwa kwa jina lake hubaki kwake hata baada ya kuhamisha mali, kwa hiyo mtaje ukurasa wa mwanzo. Ni gharama ndogo.

Kuna doa linalojificha kwenye vitabu vingi vya ukanda huu. Sura nzima zilichukuliwa kutoka kitabu cha hoteli ya Dubai au mgahawa wa Afrika Kusini ambako mwanzilishi aliwahi kufanya kazi, na picha zikatolewa intaneti. Kitabu cha namna hiyo kikifika mahakamani kinakuwa shoka la pande mbili. Kurasa za kuazima haziwezi kudaiwa kuwa zako, na anayeomba zuio, yaani amri ya mahakama ya kumkataza mwingine kutenda jambo, anatakiwa afike na mikono safi. Chagua sentensi 20 za kitabu chako bila mpangilio, zitafute intaneti moja moja, na uandike upya chochote kinachorudi na jina la mwingine.

Hakimiliki haihitaji usajili ili iwepo. Inaanza kazi inapoandikwa, mradi jitihada ya kutosha imetumika kuipa upya wake. Hata hivyo, cheti cha KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kinasaidia kuonyesha tarehe na jina. Sajili kitabu kikuu. Kijitabu chekundu usikiwasilishe, kwa kuwa usajili hudai nakala ya kazi, na kila nakala ya siri inayotoka mkononi mwako ni mlango mmoja zaidi. Kinacholinda siri ni mwenendo wako wa kuitunza.

Mambo ambayo mkataba usiyaache

Sentensi moja ya "mwendeshaji atatunza siri zote" haitoshi. Andika kwamba kitabu kimekopeshwa, hakikuuzwa, na kwamba malipo ya kuingia hayampi mwendeshaji umiliki wa karatasi wala wa faili. Taja kijitabu chekundu kwa jina na toleo lake. Sema kwamba masahihisho mapya yanaingia chini ya masharti yale yale bila mkataba mpya, vinginevyo toleo la 4 litakuwa nje ya makubaliano yaliyosainiwa wakati wa toleo la 1.

Tafsiri zinastahili kifungu chao. Kitabu kinaandikwa Kiingereza, wapishi wanasoma Kiswahili, na mwendeshaji mwenye nia njema anatafsiri nusu yake ili kazi iende. Miaka mitatu baadaye ana kazi ya mikono yake iliyojengwa juu ya kazi yako, na kila mmoja anasema ni yake. Ama toa tafsiri rasmi mwenyewe, ama andika kwamba tafsiri yoyote inafanywa kwa ruhusa yako na hakimiliki yake inahamia kwako, na isainiwe na aliyetafsiri kwa mkono wake, hata kama ni binti wa mwendeshaji aliyesaidia likizoni.

Maboresho ni hivyo hivyo. Mwendeshaji wa Kisumu akigundua namna ya kuokoa lita 5 za mafuta kwa wiki, mnakubaliana mapema nani anamiliki ugunduzi huo na nani anaruhusiwa kuutumia. Haki ni kwamba yeye aendelee kuutumia hata mkiachana. Mkataba unaomnyang'anya kila alichobuni humfundisha kukuficha mambo.

Muda wa usiri utofautishe. Kwa kurasa nyekundu andika "kwa kadiri habari hizi zitakavyobaki siri". Kwa njano, miaka miwili au mitatu baada ya mkataba kwisha. Kizuizi cha kufungua biashara inayoshindana ni jambo jingine kabisa. Kenya ina sheria ya mikataba inayozuia biashara (Sura ya 24) inayoiruhusu mahakama kukitupa kizuizi kisicho cha busara. Mwaka mmoja ndani ya mji ule ule unatetewa. Miaka 5 nchi nzima ni kuomba kifutwe chote.

Na wafanyakazi wa mwendeshaji? Hao hawakusaini mkataba wako. Weka sharti kwamba kila anayeshika kijitabu chekundu asaini ukurasa mmoja wa usiri kabla ya mafunzo, na nakala ije kwako ndani ya siku 7. Ukurasa huo uandikwe kwa Kiswahili chepesi. Saini iliyo chini ya Kiingereza kigumu ambacho mpishi hakukisoma haina uzito inaoonekana kuwa nao.

Rejista ya nakala

Kila nakala iwe na namba. Kila ukurasa wa PDF ubebe jina la mpokeaji na tarehe kwa rangi hafifu katikati, si pembeni ambako hukatwa kwa urahisi. Tunza daftari moja lenye namba ya nakala, mpokeaji, toleo, tarehe ya kutoka, saini, tarehe ya kurudi. Toleo jipya halitoki kabla la zamani halijarudi.

Ongeza alama ambazo hazionekani kirahisi: katika nakala ya Eldoret mfano wa risiti uandike shilingi 1,370, ya Nakuru 1,380, picha moja ikatwe tofauti, kosa dogo la tahajia liachwe kwenye ukurasa wa 61 wa nakala moja tu. Kitabu kikitokea mahali kisipotakiwa kuwa, alama hizo zitaonyesha kilikotoka, na ni vigumu sana kwa anayedai "niliandika mwenyewe" kueleza kwa nini kosa lako la tahajia limo kwake. Usiziweke alama hizi kwenye vipimo, halijoto au maagizo ya usalama. Tofauti hapo inaweza kumuumiza mtu.

Mahali ambapo vitabu huvuja zaidi ni kundi la WhatsApp la tawi. Meneja anapiga picha kurasa 12 ili zamu ya usiku ione, na simu 20 sasa zina siri yako, nyingine za watu walioacha kazi. Ukiwaona wakifanya hivyo ukanyamaza, umeanza kuua dai lako mwenyewe. Ibara ya 39 ya TRIPS inataka mwenye siri awe amechukua hatua za busara kuitunza, na kunyamaza kwako kutaletwa kama ushahidi kwamba hukuchukua. Andika barua siku hiyo hiyo, hata fupi, dai picha zifutwe, na wape kadi ya plastiki ya ukutani yenye yale tu zamu inayohitaji.

Kikitoroka

Usimpigie simu kwanza. Simu ya hasira inampa nafasi ya kufuta, na maneno yako yatarekodiwa. Fuata mpangilio huu.

Kusanya ushahidi kwa njia halali. Nenda dukani kama mteja, nunua, chukua risiti, piga picha bango na fomu zilizo mezani zinazoonekana na umma. Aliyekuletea nakala aandike mara moja alivyoipata, lini, kwa nani. Usiingie kwenye barua pepe yake kwa neno la siri ulilobaki nalo tangu enzi za tawi. Kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, na utageuka kutoka mdai kuwa mshtakiwa.

Faili za kielektroniki zihifadhi kama zilivyofika. Tengeneza nakala ya kufanyia kazi na uiache ya asili bila kuguswa. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika, namna nakala ilivyotolewa, na kwamba kifaa kilikuwa kikifanya kazi sawasawa, kikisainiwa na mtu anayehusika nacho. Picha za skrini nyingi na nzuri hukataliwa kwa kukosa karatasi hiyo moja. Ichapishwe siku ile ile, si usiku wa kuamkia kesi.

Tengeneza jedwali la kulinganisha. Safu ya kwanza ukurasa wako, ya pili ukurasa wake, ya tatu kinachofanana, ya nne aina ya dai: hakimiliki au siri. Mistari 15 yenye nguvu inashinda 200 dhaifu. Mistari ambayo lugha imebadilishwa lakini vipimo vimebaki ipeleke kwenye usiri. Ile ambayo sentensi, picha na makosa vimebaki ipeleke kwenye hakimiliki. Mstari usioweza kuamua uko upande gani, uondoe.

Soma kifungu cha usuluhishi kwenye mkataba kabla ya kufungua kesi. Mkikubaliana migogoro iende kwa msuluhishi, ukakimbilia mahakamani, mwenzako ataomba kesi isimamishwe chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995. Unachoweza kukiomba Mahakama Kuu ni ulinzi wa muda chini ya kifungu cha 7, kabla au wakati usuluhishi unaendelea.

Kisha ndiyo barua. Itaje nakala kwa namba, kurasa, vifungu vya mkataba, na unachotaka: kurudisha, kufuta, kuacha kutumia, na hati ya kiapo ya kuthibitisha hayo, ndani ya siku 7. Tuma nakala kwa mwenye matbaa aliyechapisha, au kwa mwekezaji mpya wa duka. Mtu wa tatu aliyepokea siri bila kujua, akishajulishwa, dhamiri yake inafungwa kuanzia siku hiyo. Asipojulishwa atasema alinunua kwa nia njema. Kama una sababu za kweli za kuamini kwamba barua itaamsha moto wa kuchoma karatasi, usiitume. Omba kwanza amri ya kukagua na kuchukua ushahidi bila kumjulisha, ambayo Sheria ya Hakimiliki inaitambua katika kifungu cha 37. Inaitwa amri ya Anton Piller, kutokana na kesi ya Uingereza ya miaka ya 1970. Ni amri kali. Ukificha jambo unapoiomba, itafutwa na utalipa hasara.

Zuio la muda, na kosa la kuitoa siri mwenyewe

Zuio la muda hupimwa kwa kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: je, una kesi inayoonekana kuwa na msingi, je, utapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha, na jaji akiwa na shaka, upande gani utaumia zaidi. La pili ndilo gumu kwa franchaizi, kwa sababu mkataba wenyewe umeweka bei ya kila mwezi ya kitabu. Mdaiwa atasema: hasara yake inajulikana, ni ada ya miezi kadhaa. Jibu lako linapaswa kuwa tayari: siri ikishasambaa hairudi, na matawi mengine yanayolipa yataacha kulipa. Leta hati za kiapo za waendeshaji wawili wanaosema hivyo.

Chini ya Amri ya 40 ya Kanuni za Mashauri ya Madai, zuio linalotolewa bila upande wa pili kusikilizwa halizidi siku 14 mwanzoni, na lazima umpelekee mdaiwa amri na nyaraka zake ndani ya siku 3, la sivyo linakufa lenyewe. Kuchelewa kunaua pia: aliyejua mwezi wa Februari akaja mahakamani Oktoba atashindwa kueleza dharura yake iko wapi.

Sasa kosa linalouma kuliko yote. Ili kuthibitisha kwamba vipimo ni siri, wakili anaambatisha kitabu kizima kwenye hati ya kiapo. Hati hiyo ni kumbukumbu ya mahakama, na yeyote anayelipia ukaguzi wa jalada anaweza kuisoma. Umeitangaza siri katika kuomba ilindwe. Ambatisha orodha ya yaliyomo na kurasa za kijani tu. Kurasa nyekundu zielezwe kwa jina na kazi yake ("jedwali la uwiano wa viungo, ukurasa wa 3 wa kijitabu"), na uombe tangu mwanzo ziwasilishwe kwenye bahasha iliyofungwa, zisomwe na jaji, mawakili na mtaalamu mmoja kila upande, na hukumu inayochapishwa isitaje tarakimu. Wakati huohuo usiwe wa jumla mno. Dai la "kitabu chote ni siri" halimpi jaji kitu cha kuzuia.

Na usitarajie zuio la milele. Mahakama inaweza kulipima kwa muda ambao mshindani mwaminifu angeuhitaji kufika mahali pale kwa jitihada zake, kwa maana ubaya uliotendeka ni kupanda ngazi ya mwenzake badala ya kujenga yake. Miezi 9 inaweza kuwa ushindi kamili.

Ukiwa wewe ndiye mwendeshaji

Ujuzi ulioingia mikononi mwako ni wako. Katika kesi ya Faccenda Chicken dhidi ya Fowler, iliyoamuliwa Uingereza katika miaka ya 1980, meneja wa mauzo aliacha kampuni ya kuuza kuku kwa magari ya friji akaanzisha yake, akijua wateja, njia za magari na bei. Mahakama ya Rufaa ilikataa kuziita habari hizo siri ya biashara baada ya ajira kwisha. Yeye alikuwa mwajiriwa asiye na kifungu cha kumzuia, wewe una mkataba wa kibiashara, kwa hiyo hutapata huruma sawa. Msingi, hata hivyo, unakuhusu: kujua kuendesha jiko, kusimamia zamu na kusoma hesabu hakurudishwi pamoja na kitabu.

Unapoondoka, rudisha kila nakala kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili, futa faili kwenye kompyuta na simu, na uandike tarehe. Usibaki na nakala "ya kumbukumbu". Nakala hiyo moja ndiyo inayogeuza kesi. Ukihitaji nyaraka za kujitetea, ziwekwe kwa wakili wako.

Kisha andika taratibu zako kutoka mwanzo. Bora ziandikwe na mtu ambaye hakuwahi kuona kitabu cha zamani, akitumia maelekezo ya mtengenezaji wa kikaango, masharti ya afya ya umma, viwango vya KEBS (shirika la viwango la Kenya) na majaribio yenu. Tunzeni daftari la majaribio: tarehe, vipimo vilivyojaribiwa, vilivyokataliwa, aliyeonja. Daftari lenye majaribio 20 yaliyofeli ndilo ushahidi wenu bora kwamba la 21 ni lenu. Usiajiri mpishi mkuu wa tawi la zamani kisha ukamweka peke yake kuandika mchanganyiko mpya.

Mkiamua kuyamaliza

Kesi nyingi za aina hii huishia mezani, na masikilizano mabaya huzaa kesi ya pili. Andikeni kurasa zipi hasa hazitatumika, tarehe ya mwisho ya kubadilisha fomu na menyu (siku 30 zinatosha kwa duka moja), nani atakagua na mara ngapi, na kiasi cha fedha kwa kila uvunjaji kinachokaribia hasara halisi, kwa sababu adhabu ya kutisha haitekelezeki. Mwendeshaji apewe orodha ya anayoruhusiwa kuyatumia bila kuulizwa tena. Na msisahau simu za wapishi: kila mmoja asaini kwamba amefuta picha za kurasa, kwa jina lake, mbele ya shahidi, siku ambayo malipo ya mwisho yanatolewa na si baadaye.